Nimepata Piper Cub ya 1946, kitambaa kinaonekana kizima: nikivue chote au nikiache?

MkiaChini:
Wakuu habari zenu. Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu, leo nina la kuuliza. Nimepata Piper J-3 Cub ya mwaka 1946, ile yenyewe ya njano na mstari mweusi ubavuni. Ilikuwa ya mzee mmoja aliyeacha kuruka, ikafungiwa bandani, mabawa yametolewa yameegeshwa ukutani. Injini ni Continental A65 na haijawashwa miaka mingi sana. Kibao cha utambulisho kipo, logibuku za bodi zipo zote, za injini ile ya mwanzo kabisa imepotea.

Sasa ninachotaka kuuliza. Kitambaa ni cha poliesta, logibuku inasema kiliwekwa upya zamani kidogo, lakini ukikigonga kwa vidole kinalia kama ngoma, hakina ufa, hakina kiraka, rangi bado inang'aa. Nilikuwa nawaza nihangaike na injini, nibadilishe matairi, kebo na ile mipira ya kufyonza mshtuko kwenye miguu, halafu nitafute mkaguzi aikague niruke. Rafiki yangu fundi wa ndege ananiambia vua kitambaa chote, kila kipande, tena hataki hata tubishane. Hiyo ni kazi kubwa jamani na ni kurarua kitu ambacho kwa macho ni kizima.

Nyie mnasemaje? Muda ninao, karakana ina nafasi, mbao na kuchomelea nauweza kiasi, ila ndege ndiyo mara ya kwanza. Na nataka iruke, siyo ya kuweka maonyesho.

---

FundiKitambaa:
Hongera sana mkuu, Cub ni ndege nzuri mno ya kuanzia. Zilitengenezwa karibu 20,000 mpaka uzalishaji uliposimama 1947 kwa hiyo vipuri na watu wanaozijua bado wapo, hutahangaika kama mtu aliyeokota ndege ambayo zimebaki tatu duniani.

Nianze na hilo la kitambaa kulia. Mlio unakuambia kimekazwa, basi. Haukuambii kina nguvu kiasi gani. Poliesta ikishakazwa kwa joto inabaki imekaza hata kama juu imeshachoka, tofauti na pamba ya zamani ambayo ilikuwa inakuonyesha mapema kwamba imeisha. Nguvu inapimwa. Kuna kifaa cha kubonyeza kinaitwa Maule, mafundi wengi wa vitambaa wanacho, na kuna kukata kipande na kukivuta mpaka kikatike. Kwa ndege ya daraja la Cub kitambaa cha asili kikiwa kipya kilitakiwa kihimili pauni 65 kwa upana wa inchi moja na mwisho wa kukubalika ni 70% ya hapo, yaani pauni 46. Kipimo ni cha kitambaa chenyewe, rangi imeondolewa, maana rangi nene inaweza kukudanganya. Na usipime chini ya bawa ukaridhika! Pima juu, mahali jua linapopiga, na hasa kwenye rangi nyeusi kwa sababu inashika joto. Huo mstari mweusi ubavuni ni mahali pazuri pa kupima.

Kinachoua poliesta ni jua. Ndiyo maana chini ya rangi kunatakiwa kuwe na tabaka za fedha, yaani ile yenye unga wa alumini, kuzuia miale isifike kwenye nyuzi. Kama aliyefunika zamani aliibania hiyo rangi ya fedha na akamwaga njano juu ili ipendeze, basi unaweza kuwa na ndege inayong'aa yenye kitambaa kilichokufa. Kuna njia rahisi ya kucheki, usiku zima taa za karakana, ingiza balbu ndani ya bawa kupitia tundu la ukaguzi, tembea nje ukiangalia. Ukiona mwanga unapenya nukta nukta ujue na jua lilikuwa linapenya hivyo hivyo.

Lakini mkuu hata kikipita vipimo vyote mimi nipo upande wa rafiki yako. Kitambaa ni pazia. Unachotakiwa kukijua kiko nyuma yake.

---

RubaniWaMkia:
Naomba nipinge kidogo, siyo kwa ubaya. Nimeona hii kitu mara nyingi sana: mtu anapata ndege iliyo nzima kwa 80%, anasikiliza ushauri wa "vua kila kitu", anaivua, anaweka vipande kwenye maboksi, halafu maisha yanaingia kati, mtoto anazaliwa, kazi inabadilika, na baada ya miaka maboksi yanauzwa kwa mtu mwingine bila mtu kukumbuka kipande gani kinaenda wapi. Ndege iliyovuliwa yote ni ndege iliyo karibu zaidi na kufa kuliko iliyosimama bandani, naongea kwa uchungu kabisa kwa sababu nazipenda hizi ndege na nimeona nzuri nyingi zikiishia hivyo.

Kitambaa kikipita kipimo basi kata matundu ya ukaguzi ya kutosha, weka zile ringi zake na vifuniko, pitisha kamera nyembamba ya kuchungulia, angalia spa, yaani zile boriti kuu ndefu za bawa, angalia mbavu, angalia waya za kukaza ndani ya bawa. Fungua chini ya mkia. Toa sakafu na viti. Utaona sehemu kubwa ya unachotaka kuona. Ukikuta tatizo hapo ndipo uvue, na uvue bawa hilo tu, lifunike, ulimalize, ndipo uende linalofuata. Ndege ibaki na umbo la ndege muda wote. Mtu anayeingia karakana akakuta Cub imesimama kwa miguu yake anarudi kesho kufanya kazi, anayekuta rundo la mabomba anazima taa anaondoka.

Kingine, alisema anataka kuruka. Cub inarushwa na mtu aliyezoea gurudumu la mkiani. Akae miaka mitano anashona mbavu halafu siku ya kwanza ndege inazunguka ghafla ardhini inavunja ncha ya bawa? Aanze mafunzo sasa hivi sambamba na kazi.

---

MzeeWaMabomba:
Ninyi wawili mnabishana mkiwa mmesimama upande mmoja mjue hilo 😀 lakini kuna kitu hakijatajwa na ndicho cha kwanza.

MkiaChini kabla ya kitambaa, kabla ya injini, angalia strati. Zile nguzo mbili mbili za pembeni zinazotoka chini ya bodi kwenda kwenye bawa. Za Cub za asili ni bomba za chuma na hazikuzibwa, unyevu unaingia, unateremka mpaka chini, unakaa hapo, na chuma kinaliwa kutoka NDANI. Nje rangi safi kabisa, ukigusa ni laini, ndani imebaki karatasi. Strati ikiachia angani bawa linakunja na hakuna rubani wa kuokoa hapo. Hii siyo hadithi ya kutishana, FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ilitoa agizo la lazima 99-01-05 na baadaye likafuatiwa na 2015-08-04, kwa strati za zamani ukaguzi unarudiwa kila miezi 24, unapigwa na Maule au ultrasaundi kwenye sehemu ya chini, na ule uma wenye nyuzi chini ya strati nao unakaguliwa ufa. Ukiweka strati mpya zilizozibwa kiwandani habari ya kukagua kutu ndani inaisha. Mimi ningeweka mpya bila kufikiria mara mbili, sehemu kama hii siyo ya kubania hela.

Baada ya hapo bodi. Bodi ya Cub ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa, na kutu inapenda sehemu moja: mabomba marefu ya chini, nyuma, kuelekea mkiani. Ndege ya gurudumu la mkiani ikiegeshwa pua inaangalia juu, kwa hiyo maji yote, jasho lote la banda, vumbi, majani, mikojo ya panya, vyote vinateremka vinajikusanya pale kwenye pembe kati ya bomba na kitambaa. Kamera ya RubaniWaMkia itakuonyesha upande wa juu wa bomba. Upande uliogusana na kitambaa hauoni. Na ndio huo unaooza. Kwa hiyo hapo chini nyuma angalau ukanda huo ni lazima ufunguke. Ukishafungua, kwangua rangi, chukua kitu chenye ncha kali, bonyeza kwa nguvu kila inchi chache. Chuma kizima hakishtuki. Chuma kilichooza kinaingia au kinabonyea, na ukigonga kwa nyundo ndogo mlio unabadilika, unakuwa mzito.

Ukikuta bovu usiogope, linakatwa na kuunganishwa bomba jipya kwa bomba la ndani au la nje kama michoro ya AC 43.13-1B inavyoonyesha. Hicho kitabu cha FAA kinapatikana bure kwenye intaneti, kipakue leo leo hata kama nchi yako ina mamlaka yake, mafundi wa ndege ndogo kila mahali wanakitumia. Kuchomelea bomba la ndege siyo kuchomelea geti lakini. Fanya mazoezi kwenye vipande vya bomba la unene ule ule, vikate katikati uangalie moto umeingiaje, na fundi mwenye leseni avione kabla hujagusa ndege.

---

MkiaChini:
Asanteni sana, nimesoma kila neno mara mbili. Nimerudi bandani na tochi baada ya kumsoma MzeeWaMabomba. Nimetoa ubao wa sakafu na ile zipu ya kitambaa nyuma ya sehemu ya mizigo. Nimekuta haya:

Kiota cha panya, kikubwa, kwenye pembe ya bawa la kushoto karibu na shina. Mbavu mbili hapo zina unga mweupe.

Chini ya mkia kitambaa kina vijivimbe vidogo vidogo kwa mstari, sikuwa nimeviona kwa sababu viko upande wa chini kabisa. Nimebonyeza kimoja kikatoa kama mchanga wa kahawia.

Spa za mabawa ni za mbao. Nilidhani 1946 zitakuwa za alumini.

Nadhani jibu langu limeshapatikana ila nisaidieni: huo unga mweupe ni nini, mbao nazikaguaje, na injini nifanye nini nayo wakati huo? Nimeshikwa na hamu ya kuzungusha propela nione kama inazunguka ila nimejizuia.

---

FundiKitambaa:
Vijivimbe vyenye mchanga wa kahawia ni kutu inasukuma kitambaa kutoka ndani. Vua.

Unga mweupe kwenye mbavu ni alumini inaliwa na mikojo ya panya. Mbavu za Cub ni alumini nyembamba sana na mkojo wa panya unazimaliza vibaya, siyo kupaka rangi juu, hizo unatoa unaweka nyingine. Vaa barakoa na glavu ukitoa kiota, lowesha kwanza usikifagie kikavu, uchafu wa panya una magonjwa yake.

Spa, wewe amini unachokiona. Cub za miaka ile zilitoka za mbao na za alumini, na ndege ya umri huu imeshatengenezwa mara ngapi, mabawa yamebadilishwa mara ngapi, kwa hiyo soma logibuku vizuri utajua hayo mabawa yalitoka wapi.

---

SprusiSafi:
Hapo kwa mbao naomba niingie mimi, ndiyo kazi ninayoipenda.

Sprusi, mbao ya hizo spa, ikikaa kavu haizeeki kirahisi dada/kaka, spa ya 1946 inaweza kuwa nzima kabisa na usiibadilishe kwa sababu tu ya umri. Inakufa kwa vitu vitatu: unyevu, mipigo, na watu waliotoboa matundu ovyo.

Vua kitambaa, futa spa isiwe na vumbi, zima taa, chukua tochi kali uilaze karibu kabisa na mbao mwanga uende kwa urefu wa nyuzi siyo kutoka juu. Ufa ulio kwa urefu wa nyuzi utaonekana kama uzi mweusi. Angalia hasa pale strati inaposhika spa na pale bawa linaposhika bodi, kwenye kingo za vile vibao vya plaiwudi vya kuimarisha, na kila tundu la bolti. Halafu kuna ufa mbaya kuliko wote, ule unaokatiza nyuzi, mstari mwembamba kama mkunjo kuvuka spa. Huo unatokana na kubanwa, mfano ndege iliwahi kugonga ncha ya bawa ardhini. Hauonekani kirahisi na spa yenye huo haitengenezwi, inatolewa. Kwa hiyo soma logibuku utafute neno lolote la ajali au kutengenezwa ncha ya bawa, kisha nenda moja kwa moja ukaangalie spa ya upande huo, nje kidogo ya strati. Na misumari midogo inayoshika mbavu kwenye spa ikiwa imechomoza upande mmoja wote ni dalili kwamba kitu kilijisogeza hapo.

Mbao iliyooza inakuwa na weusi na ukiichokoa kwa ncha inatoka vipande vifupi badala ya nyuzi ndefu. Mbao nzima inatoa kijiti kirefu.

Gundi. Ndege nyingi za enzi zile ziliunganishwa kwa gundi ya kasini, inayotokana na maziwa, ikipata unyevu inaliwa na ukungu inaachia yenyewe. Viungo vyote vya plaiwudi kwenye spa vijaribu kwa kisu chembamba kuona kama vinafunguka. Ukiunganisha upya tumia resosinoli au epoksi iliyoidhinishwa kwa ndege. Resosinoli inataka viungo vigusane kabisa na vibanwe kwa nguvu, epoksi inasamehe kidogo pengo lakini ukibana mno unaikamua yote nje. Kila ukichanganya gundi, gundisha na vipande viwili vya majaribio kutoka mchanganyiko ule ule, viandike tarehe, kesho yake uvivunje. Pakivunjika mbao ni sawa. Ikiachia gundi, kiungo ulichofanya jana kinarudiwa.

Vanishi ya mwisho iwe ya epoksi, ya kawaida inaweza kuyeyushwa na gundi ya kitambaa.

---

Magineto65:
Umefanya vizuri sana kutozungusha propela. Kwanza kwa usalama: magineto, ile inayotoa cheche za plagi, haihitaji betri, na ule waya wa kuizima ukikatika au ukilegea magineto inabaki hai hata kama swichi inasema OFF. Injini inaweza kukohoa mara moja tu na mkono ukaenda. Propela ya Cub unaichukulia iko hai siku zote, hata injini ikiwa haijaguswa miaka.

Pili kwa ajili ya injini yenyewe. Silinda zilizokaa zina kutu, ukizungusha ringi zinakwangua ile kutu na kuchana ukuta wa silinda. Toa plagi zote nane, puliza mafuta ya kupenyeza ndani ya kila silinda, acha yakae, chungulia kwa kamera. Ukiona madoa ya kutu ya juu juu yanaweza kusafishika, ukiona vishimo silinda inatoka. Ikionekana safi ndipo uzungushe polepole kwa mkono, plagi zikiwa nje na waya za plagi zimefungwa mbali.

Lakini nakwambia wazi, injini iliyokaa hivyo na logibuku ya mwanzo haipo, mimi ningeifungua. A65 ni injini rahisi mno, silinda nne, inchi za ujazo 171, farasi 65 kwa mizunguko 2,300. Inafunguka mezani. Krankishafti ipelekwe ikapimwe ufa kwa sumaku, hasa ile ncha ya mbele inayoshika propela, kwa sababu hujui kama propela iliwahi kugonga chini enzi za hiyo logibuku iliyopotea. Kamshafti na tapeti angalia vishimo vya kutu. Una bahati kidogo kwamba kwenye Continental hizi kamshafti iko chini ya krankishafti karibu na oili, Lycoming yake iko juu na ndiyo inayokauka kwanza.

Siku ukipima kompresheni unaingiza hewa ya pauni 80 kwa inchi ya mraba na unasoma inayobaki, ikishuka chini ya 60 sikiliza inatokea wapi. Kwenye egzosi ni vali ya kutolea moshi, kwenye kabureta ni vali ya kuingiza, kwenye tundu la kupumulia oili ni ringi.

Na tanki. Cub ina tanki mbele ya rubani, galoni 12 za Marekani, na kipimo chake ni waya unaochomoza kwenye kifuniko ukiwa umesimama juu ya koki inayoelea. Hiyo koki ya zamani ilipakwa sheleki. Petroli yenye ethanoli inayeyusha sheleki, vipande vinaingia kwenye chujio, injini inazima ukiwa ndio umepaa. Badilisha koki, safisha tanki ndani, tupa mipira yote ya mafuta hata kama inaonekana laini.

---

RubaniWaMkia:
Sawa, kutu chini ya kitambaa imenimaliza hoja, vua. Lakini nashikilia lile langu la mpangilio na namwomba sana aliyeuliza alisikie hilo hata kama mengine atayaacha.

Anza na bawa moja. Piga picha kabla hujagusa, piga picha kila ukifungua kitu, piga kutoka mbali kidogo ili ionekane kiko wapi. Kila bolti iliyotoka iende kwenye mfuko wenye jina la mahali ilipotoka, hata kama utaweka mpya, kwa sababu urefu wake na idadi ya washa vinakuambia kitu ambacho michoro haisemi. Kitambaa cha zamani usikichane ovyo, kikate kwa ukingo ukitoe kizima ukitundike, hicho ndicho ramani yako ya matundu ya ukaguzi, matundu ya kutolea maji, na nafasi za kushona mbavu. Kipande kibovu hakitupwi mpaka kipya kiwe kimeshakaa mahali pake.

Bolti za dukani hapana. Ni za AN, yaani za kiwango cha ndege, nati za kasri (zenye mapengo ya kupitishia pini) na pini pale bolti inapozunguka, nati za nailoni siyo mahali pa kuzunguka.

Na mkaguzi aitwe SASA, kabla ya kuvua, aseme anataka kuona nini na lini. Halafu aje tena kila kitu kikiwa wazi kimepakwa praima kabla hujafunika. Ukifunika kabla hajaona anaweza kukuambia fungua, na ana haki.

---

MkiaChini:
Nimewaelewa. Naanza na bawa la kushoto lenye kiota, bodi inabaki imesimama kwa miguu yake mpaka mabawa yaishe, strati mpya naagiza, na mkaguzi nimeshampigia, amekubali kuja kuiona kabla sijakata kitu. Mafunzo ya gurudumu la mkiani nimejiandikisha pia RubaniWaMkia, hilo umenigusa.

La mwisho kwa FundiKitambaa. Kufunika sijawahi kabisa. Nitajifunzia wapi bila kuharibu bawa? Na nimeona watu wanapaka rangi nzuri sana ya kung'aa kama ya gari, hiyo inakubalika?

---

FundiKitambaa:
Jifunzie kwenye usukani wa mkia. Ni mdogo, una pande zote, una pembe za mviringo zinazokufundisha kukunja, na ukikosea unavua unarudia jioni ile ile bila kulia. Ukimaliza huo fanya elevata (kile kibawa cha mkia cha kupandisha na kushusha pua), halafu ndio aileroni (vibawa vya ukingo wa nyuma wa bawa), bawa liwe la mwisho.

Chagua mfumo mmoja wa kitambaa uliokubaliwa kwa ndege yako, nunua mwongozo wake, ufuate kuanzia gundi mpaka rangi ya juu. Usichanganye gundi ya huyu na fedha ya yule. Poliesta unaikaza kwa pasi iliyopimwa kwa kipimajoto, siyo kwa alama za kwenye kitasa cha pasi maana zinadanganya: unapita kwanza kama nyuzi 121 za Selsiasi, mwisho 177, hapo ndipo kikomo. Ukizidisha kitambaa kinalegea na hakirudi tena. Ile mashine ya kupuliza hewa moto usiitumie kukazia, hujui joto ni kiasi gani. Na kaza pande zote mbili kwa zamu, kitambaa kinavuta kwa nguvu kuliko unavyodhani na ukingo wa nyuma wa bawa la Cub ni mwembamba, ukikaza upande mmoja mpaka mwisho unaupinda.

Kushona mbavu usikisie nafasi. Sehemu inayopigwa na upepo wa propela mishono inakaribiana zaidi, angalia kitambaa cha zamani ulichotundika ulinganishe na mwongozo.

Hiyo ya gari achana nayo. Nyingi ni ngumu hazina ulaini, kitambaa kinacheza zenyewe hazichezi, zinapasuka, na ufa ukipita mpaka chini jua linaingia. Tena ni nzito. Hebu piga hesabu, Cub ilitoka kiwandani tupu ikiwa kama pauni 765 na uzito wake wa juu kabisa ni 1,220. Zimebaki 455. Toa mafuta galoni 12, kama pauni 72, zimebaki 383 kwa watu wawili na kila walichobeba. Kila tabaka la rangi la ziada unamnyang'anya abiria, na rangi ikizidi kwenye mkia inavuta uzito nyuma, mahali ambapo hutaki kabisa kwenye ndege ambayo ukiwa peke yako unakaa kiti cha nyuma. Ndege ikiisha lazima ipimwe upya kwa mizani magurudumu yote matatu, ndipo utajua ulipaka kiasi gani.

Fedha ya kutosha, njano tabaka chache, basi. Rangi za sehemu mbili zenye isosayaneti hazitaki barakoa ya kawaida, zinataka hewa safi ya bomba, hizo waachie wenye chumba cha kupakia. Na kama utakuta mahali dopu ya naitreti ya zamani, yaani ile rangi ya kukazia kitambaa, usikwangue kavu wala usichomelee karibu, ile inashika moto kwa kasi ya kutisha. MzeeWaMabomba akikuelekeza kuchomelea mkia hakikisha kitambaa cha zamani kimeshatoka karakana yote, siyo kimesogezwa pembeni.

---

MzeeWaMabomba:
Hilo la mwisho lisomwe mara mbili. Na mabomba mapya ukishayachomelea, kabla ya kuyaziba, mimina mafuta ya kitani ya moto ndani, geuza bodi yafike kila kona, yamwage, ndipo uzibe matundu. Nje praima ya epoksi, siyo ya kawaida, gundi ya kitambaa itaifumua. Tuletee picha za huo mkia ukishafunguka tuone bomba gani linatoka.